Shofere wa Njia ya Lukafu

Gari lilipozama, shofere alizima injini. Nimeshapanda malori ya wengi wanaofanya kinyume: gari likikwama wanakanyaga mafuta, tairi zinazunguka na kila mzunguko unazidi kulizika. Huyu alizima, akavua viatu, akaviweka kwenye kiti chake, akashuka matopeni hadi magotini. Alikata fimbo akaichomeka mbele ya kila tairi, akaivuta na kutazama tope limeishia wapi, kama anavyopima oili asubuhi. Hakusema neno. Sisi tuliokaa juu ya mizigo tulikuwa tumeshasema mengi.

Ulikuwa mwezi wa Machi, na tulitoka Lukafu alfajiri tukielekea Lubumbashi na makaa, muhogo mkavu na abiria. Lukafu iko chini ya Kundelungu, katika eneo la Kasenga. Kabla mji wa Élisabethville haujaanzishwa mwaka 1910, watawala wa kikoloni wa Katanga walikuwa na kituo Lukafu, na mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Mwaka huohuo reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ukubwa ukahamia huko. Lukafu imebaki na barabara yake ya udongo, na kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ndiyo inayopanga safari.

Alipomaliza kupima alisimama mahali ambapo wote tulimwona. "Ba mama, ba papa, leo tutalala hapa. Kesho saa nne, kama mvua hairudi, tutatoka."

Wapo walioguna. Lakini ilikuwa saa tisa tu ya mchana. Akina mama waliwahi kutafuta maji na kuni jua likingalipo, na jioni watoto walikula bukari (ugali) ya moto. Shofere anayesema "bado kidogo" mpaka giza linaingia huwalaza watu na njaa, na huo nauona ukatili hata kama ameusema kwa upole.

Kisha likaja swali lililomchoma kila mtu. Baba mmoja aliuliza mbao za kuwekea jeki ziko wapi. Kijana wa shofere, anayepakia na kufunga mizigo, aliinamisha kichwa. Mbao zilibaki Lukafu. Tulimgeukia yule mtoto, na maneno yalikuwa njiani.

"Ni miye nilikosa, papa," shofere alisema. "Sikuangalia mbele ya kuondoka."

Na ni kweli, kukagua gari ni kazi ya shofere. Usiku nilimsikia akiongea na kijana nyuma ya gari, kwa sauti ya chini. Nilishika maneno machache tu: "Kila siku utaniita, tutaangalia pamoja."

Vijana wa kijiji cha karibu walikuja na majembe wakataja bei ya kutisha. Hakubishana nao. Aliuliza mzee wao ni nani, akaenda kumsalimu, akakaa. Bei ilikubaliwa mbele ya mzee kabla jembe la kwanza halijagusa udongo, kwa hiyo asubuhi hapakuwa na ugomvi wa malipo.

Kulipopambazuka mizigo ilianza kushushwa, na magunia mawili ya muhogo yaliteleza yakaanguka majini. Mama mwenye muhogo alipiga kelele, na alikuwa na haki: huo ndio mtaji wake. Shofere alimwacha aseme yote. Kisha wakafungua magunia pamoja, mama akaingiza mkono, naye akaingiza wake, wakatenganisha vipande vikavu na vilivyolowa. Walikubaliana kwamba hatalipia nauli ya magunia hayo. "Patron nitamwambia miye mwenyewe," alisema, akaandika kwenye daftari lake.

Jeki ilikaa juu ya jiwe bapa badala ya mbao, maana kwenye tope tupu ingezama yenyewe. Mbele ya kila tairi walichimba mteremko mdogo, wakalaza humo matawi na mawe. Alipunguza upepo kidogo ili tairi zitanuke, akawaondoa watu wote nyuma ya gari, akaingiza gia ya kwanza. Lori lilitikisika, likapanda taratibu. Hakulisimamisha hata tulipopiga vigelegele. Alilipeleka mpaka kwenye ardhi ngumu, mbali kiasi cha kutufanya tubebe mizigo mgongoni kulifuata.

Tulimkuta ananawa miguu kwa maji ya kidumu. Alivaa viatu, akafungua daftari, akaanza kuita mizigo kwa majina ya wenyewe ipakiwe upya, kijana wake akihesabu kutoka juu. Alipofika kwa yule mama alisoma kwa sauti ileile, kabla hajaulizwa:

"Muhogo, magunia kumi na moja. Mawili yamelowa mikononi mwetu."

Kijana akarudia kutoka juu: "Mawili yamelowa."