Nani Anayechagua? Uzazi wa Majira na Somo la India

Katika mijadala ya uzazi wa majira husikika hoja moja: kwamba mwanamke huchagua njia aipendayo, na kazi ya Serikali ni kuhesabu tu. Hoja hiyo hatuikubali. Uchaguzi haufanyiki hewani. Hufanyika katika mazingira ya uchumi, ya madaraka na ya huduma zilizopo. India ni ushahidi.

India ilianzisha mpango wa Taifa wa uzazi wa majira mwaka 1952, kabla ya nchi nyingine yoyote. Mwaka 1965 mkazo uliwekwa kwenye kitanzi. Wanawake waliotokwa damu na kuumwa hawakufuatiliwa vya kutosha, na sifa ya kitanzi ikaharibika. Mkazo ukahamia kwenye kuwafunga uzazi wanaume, kwa kambi na kwa malipo. Wakati wa Hali ya Hatari, Juni 1975 hadi Machi 1977, watendaji walipangiwa idadi ya watu wa kuwafikisha kwenye upasuaji. Katika mwaka 1976/77 watu zaidi ya milioni 8 walifungwa uzazi, wengi wao wanaume. Waliobanwa zaidi ni wanyonge. Shuruti hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizokiondoa madarakani, kwa kura za Machi 1977, chama kilichotawala tangu uhuru.

Je, kosa lilisahihishwa? La. Watawala walijifunza kuwaogopa wanaume, hawakujifunza kuheshimu watu. Mzigo ukahamishiwa kwa wanawake. Uchunguzi wa Taifa wa 2019 hadi 2021 ulionyesha kuwa karibu wanawake 38 katika kila 100 walioolewa wamefunga uzazi. Waliotegemea kufungwa kwa mume hawakufika hata 1. Malengo ya idadi yalifutwa mwaka 1996, lakini Novemba 2014, jimboni Chhattisgarh, wanawake 83 walipasuliwa katika kambi moja kwa siku moja, na zaidi ya 10 wakafa. Sindano iliingizwa katika mpango wa Taifa mwaka 2017 tu.

Wako watakaojibu kwamba wanawake wenyewe wanaipenda njia ya kudumu. Wengine kweli wameridhika nayo. Lakini mnunuzi aliyekuta duka lina chumvi peke yake hawezi kusemwa kuwa ameikataa sukari.

Kwa hiyo kada anayefika zahanati asiulize tu: wangapi wamejiunga? Aulize: njia zipi zipo leo? Mhudumu amefundishwa kuweka kitanzi na kukitoa pia? Wanaume wanaelimishwa? Mama anayetaka kuacha anasikilizwa, au anafukuzwa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoonyesha nani anachagua. Takwimu zisizo na majibu hayo ni hesabu ya watendaji, wala si hiari ya umma.