Maegesho ya Nani? Uhakiki wa Lango la Hifadhi ya Ziwa Mburo

Ukitaka kujua mwenye nyumba anamtarajia mgeni wa aina gani, tazama mlango wake. Hifadhi ya taifa nayo ni hivyo hivyo. Katika insha hii nahakiki wazo linalorudiwa kila yanapozungumzwa maendeleo ya utalii: kwamba maegesho yakipanuliwa langoni, wageni watakuwa wamepokelewa vizuri. Mfano wangu ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, jirani yetu sisi tunaoishi Nakivale na kusoma Mbarara.

Ujirani huu si wa maneno matupu. Mto Rwizi unaopita mjini Mbarara huelekea mashariki kwenye maziwa haya, na ardhioevu ya Mburo na Nakivale iliorodheshwa kwa pamoja chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Lakini wenzangu wengi wa Nakivale, Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda, wamewaona pundamilia wa Mburo kupitia dirisha la basi la Kampala tu. Wameishi karibu na hifadhi miaka mingi bila kuingia.

Kiingilio ni sababu moja. Sababu nyingine, ambayo haitajwi sana, ni usafiri. Anayetoka Mbarara kwa basi au teksi hushuka Sanga, kwenye barabara kuu. Kutoka hapo hadi langoni kuna zaidi ya kilomita 10 za barabara ya vumbi. Mwenye gari hata hazihesabu. Asiye na gari atapanda bodaboda, na akifika langoni swali linabaki: ataendeleaje mbele, mahali penye nyati na chui?

Jambo la kushangaza ni kwamba Mburo ni miongoni mwa hifadhi ambazo mtu anaweza kuziona vizuri bila gari. Wageni hutembea kwa miguu wakiongozwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na Rwonyo kuna mashua za kuwapeleka ziwani kutazama viboko na ndege. Kwa hiyo kinachokosekana kwa mgeni wa kawaida si nafasi ya kuegesha. Ni njia ya kufika kutoka Sanga hadi Rwonyo. Ukimjengea maegesho mtu asiye na gari, umemjengea nini?

Najua hoja ya upande wa pili, na ina uzito. Watalii wa kigeni huja kwa magari na hulipa zaidi. Kwa sheria ya wanyamapori ya Uganda, asilimia 20 ya mapato ya kiingilio hurudi kwa jamii zinazopakana na hifadhi. Tena basi la shule likikosa pa kugeuzia, watoto wamo hatarini. Sipingi maegesho, napinga maegesho kufanywa jibu la kwanza na la mwisho. Uwanja mpana wa lami humwaga maji ya mvua kwa kasi kuelekea ziwani, nao huita magari mengine hadi ujae tena. Hifadhi ya Zion nchini Marekani ilipobanwa na magari, mwaka 2000 ilianzisha mabasi ya kuwabeba wageni ndani. Nairobi nako Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya limewahi kuendesha basi la wikendi kutoka katikati ya jiji, ili mwananchi asiye na gari naye aingie hifadhini.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kuliko starehe ya matembezi? Historia ya Mburo inajibu. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1983, wafugaji waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa kwa nguvu. Utawala wa Obote ulipoanguka mwaka 1985 walirudi kwa hasira, wakabomoa majengo na kuua wanyama kwa wingi, na baadaye serikali mpya ikalazimika kupunguza eneo la hifadhi. Jirani aliyefungiwa mlango hana sababu ya kuilinda nyumba. Mtoto wa Nakivale ambaye hajawahi kumwona kiboko akiwa hai, kesho atamlinda kwa lipi?

Kwa maoni yangu, fedha za kuboresha lango zianzie Sanga. Pajengwe kituo chenye kivuli, maji, vyoo na bei zilizobandikwa wazi, na basi dogo la kwenda Rwonyo siku za Jumamosi na Jumapili. Langoni, nafasi pana zaidi ipewe mabasi ya shule. Vibao viandikwe pia kwa Runyankole na Kiswahili, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Baada ya hayo, magari madogo yahesabiwe na kupewa nafasi yanayohitaji.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mipango mingi ya utalii huishia kwenye nusu ya kwanza ya methali hii. Lango jipya la Mburo lipimwe kwa nusu ya pili: ni wenyeji wangapi wamepita humo wakaingia, na si magari mangapi yamesimama nje.