"Muhuri" Si Mpira wa Kioo: Mapitio ya Istilahi za Kioo cha Mbele cha Gari

Istilahi ya ufundi huandikwa mezani, lakini hupimwa karakanani. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, kushirikiana na wahusika katika kusanifu tafsiri za istilahi kumekuwa miongoni mwa kazi zake. Hata hivyo, orodha ya maneno haimfai mfasiri asiyejua kitu anachokitaja hufanya kazi gani.

Tutazame sentensi hii, tuliyoitunga ili kukusanya makosa pamoja: "Badilisha muhuri uliovaliwa na ufinyanzi wa kioo cha upepo, kisha badilisha kioo." Kila neno lina asili yake katika kamusi, hata hivyo, hakuna fundi atakayeielewa.

Kwanza, "muhuri". Muhuri ni chapa ya kuthibitishia hati. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina maana hiyo, na pia lina maana ya kitu kizibacho upenyo ili maji, mafuta au hewa isipite. Mfasiri amechukua maana ya ofisini akaipeleka gereji. Mafundi husema "mpira wa kioo", na msemo huo unatosha. Vivyo hivyo "kioo cha upepo" si lazima, maana kila dereva anajua "kioo cha mbele".

Pili, "uliovaliwa". Nguo huvaliwa, tairi hulika. Mpira wa kioo uliopigwa na jua miaka mingi hukakamaa, hunywea na kupasuka. "Uliochakaa" yafaa kwa jumla. Lakini katika fomu ya ukaguzi ni bora kuandika "uliokakamaa" au "uliopasuka", ili mkaguzi ajue atafute nini.

Tatu, "ufinyanzi". Hapa kosa lina hasara kubwa zaidi. Kinachotajwa si kazi ya vyungu, bali ni ukanda unaozunguka kioo, nao haufanyi kazi moja katika magari yote. Katika Volkswagen Beetle, ambayo utengenezaji wake ulikoma Mexico mwaka 2003, mpira ndio unaoshika kioo na kuzuia maji. Ukanda wa kung'aa uliochomekwa katika mpira huo ni pambo. Katika magari mengi ya leo kioo hubandikwa kwa gundi maalumu kwenye ukingo wa bodi. Ukanda wa nje hufunika mwanya na kuikinga gundi. Aghalabu gundi ndiyo izuiayo maji. Basi afisa ugavi akiandikiwa "mpira wa kuzuia maji" badala ya "ukanda wa pambo", atanunua ukanda, fundi ataubandika, na mvua itaendelea kuingia. Tena gundi hiyo hushikilia kioo kisichomoke ajalini; kuificha nyuma ya jina la ukanda ni kuficha jambo la usalama.

Nne, "badilisha" limetumika mara mbili kwa maana mbili. Neno moja la Kiingereza huweza kumaanisha kuweka kipya au kurudisha kilekile mahali pake. Mpira hubadilishwa, kioo kizima hurudishwa. Mfasiri asipotenganisha, kioo kisicho na dosari kitatupwa.

Tukiiandika upya kwa gari la aina ya Beetle, maelezo yatakuwa hivi: "Ondoa kioo pamoja na mpira uliokakamaa. Kivike kioo mpira mpya, uchomeke ukanda wa pambo, kisha zungusha uzi imara ndani ya mfuo wa mpira unaokaa kwenye ukingo wa bati. Paka maji ya sabuni. Mmoja akikandamiza kioo kutoka nje, mwenzake avute uzi kutoka ndani, ili ulimi wa mpira uvuke ukingo wa bati." Hakuna neno geni hapo, na kazi inafanyika.

Kwa hiyo twapendekeza yatenganishwe majina matatu: "mpira wa kioo" kwa kinachoshika na kuziba, "ukanda wa pambo" kwa kinachopamba au kufunika, na "gundi ya kioo" kwa kinachobandika. Walimu wa ufundi wayafundishe hivyo, na waandishi wa zabuni wayatumie hivyo. Nao wafasiri, kabla ya kufungua kamusi, wamwombe fundi awaonyeshe kitu chenyewe.