Tone la Wino

Kule Kituku, bandarini hapa Goma, mashua za Minova na Idjwi zinaposhusha vyakula, mtu akiumwa kichwa hununua dawa ya malaria na kuendelea na kazi. Mara nyingi ni malaria kweli. Lakini kichwa kinachouma majuma mawili, kwa mtu ambaye VVU vimemmaliza kinga, huenda kikatokana na kuvu iitwayo kriptokoko. Huvutwa na pumzi, hupita mapafuni kimya kimya, kisha huhamia kwenye utando wa ubongo. Kipimo cha malaria hakiioni. Anayeiona ni fundi wa labo, na nilikaa kando ya mmoja nikamtazama.

Anapokea maji ya uti wa mgongo, mililita chache, maangavu kabisa. Daktari ameyachota kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia. Fundi anahakikisha jina, anaandika saa, anaitia chupa kwenye mashine ya kuzungusha na kungoja isimame yenyewe. Maji ya juu anayanyonya kwa pipeti na kuyaweka kando. Masimbi yaliyobaki chini hata hayaonekani.

Kabla ya kuyagusa, anadondosha wino wa Kichina peke yake juu ya kioo na kuupeleka kwenye hadubini. Wino uliokaa sana huota vijidudu vyake. Asiyeukagua anaweza kumwandikia mgonjwa ugonjwa uliokuwa chupani.

Wino ni safi. Kioo cha pili: tone la masimbi, tone dogo la wino, anakoroga, anateremsha kifuniko kwa mshazari hewa isinaswe. Wino umezidi, mwanga haupenyi. Anaanza upya, bila kuguna.

Sasa anasogeza kioo mstari kwa mstari. Hii ni chembe nyeupe ya damu, wino umeigusa mpaka ukingoni, anaipita. Lile ni povu la hewa, ukingo mnene na ndani tupu, analipita. Mkono unasimama. Duara lenye ukuta wake, na kulizunguka pete pana ya mwanga ambamo wino hauingii: ndilo koti la utelezi la kriptokoko. Ubavuni limechipua duara dogo.

“Angalia, papa,” ananiambia. “Hii inazaa.”

Bado hajaandika jibu. Yale maji aliyoyaweka kando anayapima kwa kijiti cha antijeni, yaani alama za kuvu hiyo, anangoja dakika 10, mistari miwili inatokea: ipo. Kuvu zikiwa chache, wino huweza kuzikosa. Kijiti hukosa mara chache sana. Ndiyo maana hata asipoona kitu kwenye hadubini, haandiki “hakuna” kabla ya kijiti. Kwangu mimi, umahiri wake uko hapo.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka kriptokoko katika kundi la kwanza la kuvu hatari. Dawa zake zipo, ila si za malaria. Basi ndugu yenu akiambiwa achomwe sindano ya mgongo, msimkatalie kwa hofu ya kupooza. Mwacheni fundi apate tone lake mapema.