Kufungua si Kutenganisha: Vitenzi katika Tafsiri za Miongozo ya Pikipiki

Katika kupitia tafsiri za miongozo ya pikipiki zilizotufikia, tumeona kasoro moja ambayo tungependa kuieleza mbele ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaotuletea maneno ili yafikiriwe. Majina ya vipuri kwa kiasi kikubwa yamekwisha kutulia. Pistoni, silinda, kabureta, klachi, plagi, beringi na gasketi ni maneno ambayo hayamsumbui mwalimu wa ufundi wala mwenye duka la vipuri. Kinachopotoka ni vitenzi.

Mwongozo mmoja, ambao hatutautaja, una sura yenye kichwa “Kutenganisha na Kuunganisha Injini”. Katika sura hiyo nzima mfasiri hana vitenzi vingine. Nati hutenganishwa, plagi hutenganishwa, gasketi hutenganishwa, na mwishoni msomaji huambiwa “aunganishe upya sehemu zote”. Hapana shaka mfasiri alifungua kamusi, akaona neno moja la Kiingereza mbele ya neno moja la Kiswahili, akaridhika. Lakini katika Kiswahili hutenganishwa vitu vilivyochanganyika, kama mchele na pumba, au watu wanaopigana. Ama “kuunganisha”, neno hili lina kazi yake halali: pikipiki zinazoingizwa nchini zikiwa vipande ndani ya makasha huunganishwa kiwandani, na wananchi wamekwisha kulizoea hivyo. Mtu aliyeifumua injini yake mwenyewe na sasa anairudisha kama ilivyokuwa hafanyi kazi ya kiwanda.

Kosa hili lingeweza kuhesabiwa kuwa dogo kama miongozo ingesomwa na mafundi tu, kwani fundi hurekebisha kwa mkono kile alichokosea mfasiri. Lakini tukumbuke ni nani anayeisoma. Tuchukue mfano wa kata ya Bugomora, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, upande wa nchi unaopakana na Rwanda na Uganda. Huko kahawa, ndizi, mgonjwa na mwalimu wote husafiri kwa pikipiki. Mwenye chombo kikimharibikia hawezi kila mara kukisukuma hadi kwa fundi. Hutandika gunia uani, akatoa spana na bisibisi, akaanza kazi mwenyewe.

Tuliwahi kuketi katika ua mmoja wa namna hiyo. Mzee mwenye pikipiki alikuwa ameshika spana juu ya silinda hedi, na kijana wa jirani akisimama kando. Mzee alipoizungusha nati ya kwanza mizunguko kadhaa, kijana alimzuia: “Mzee, hapo usifungue, legeza tu. Kwanza zote, kwa msalaba, ndipo ufungue.” Katika maneno yale machache mlikuwa na mafunzo ambayo sura nzima ya mwongozo wetu haina. Nati za silinda hedi hulegezwa kidogo kidogo, kwa kuvuka kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala, ili mkazo upungue sawasawa. Ikifunguliwa moja hadi mwisho huku nyingine zikiwa zimekaza, chuma chaweza kupinda, na silinda hedi iliyopinda huvujisha mgandamizo hata ikiwekewa gasketi mpya. Msomaji aliyeambiwa “tenganisha nati” hana njia ya kujua kama aambiwa alegeze, afungue, au atoe. Gharama ya neno hilo hailipwi na mfasiri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba hapa Kiswahili hakina umaskini wowote. Tuna kauli ya kutendua, ambayo kwayo kitenzi kimoja huzaa kinyume chake: funga na fungua, ziba na zibua, bandika na bandua, chomeka na chomoa, panga na pangua. Lugha nyingi za Kibantu zinayo, na Runyambo, lugha ya wenyeji wa Karagwe na Kyerwa, ni mojawapo. Kwa hiyo mtoto wa Bugomora anayejifunza Kiswahili shuleni hapati ugeni wowote hapo. Tazama jinsi kila kipande cha injini kinavyopata kitenzi chake. Plagi hufunguliwa, lakini waya wake huchomolewa. Gasketi iliyogandamana na chuma hubanduliwa. Jeti ya kabureta huzibuliwa. Pini ya pistoni huchomolewa, baada ya kutolewa vile vibanio vyake viwili vidogo ambavyo hupenda kuruka na kutumbukia katika tumbo la injini. (Ndiyo maana fundi mwangalifu huliziba tumbo hilo kwa kitambaa safi kabla ya kuvigusa, mwongozo wetu umekisahau kitambaa pia.) Injini nzima inapotolewa kwenye fremu, mafundi husema imeshushwa. Neno hilo hatuoni sababu ya kulikataa.

Ni kweli kwamba kauli hii haiendi kila mahali. Aliyetaka kuunda kinyume cha “unga” kwa kanuni hiyo angepata “ungua”, na mwenye pikipiki akiambiwa injini yake imeungua atakimbilia mchanga. “Kaza” nayo hainyumbuki hivyo. Kinyume chake ni “legeza”. Lakini mipaka hii msemaji wa lugha anaijua bila kufundishwa, na mfasiri naye anaijua akiisikiliza lugha yake badala ya kuikodolea macho kamusi.

Kwa upande wa kurejesha vitu mahali pake tunalo neno zuri zaidi, nalo ni “kurudishia”. Watu husema “rudishia mlango”, na fundi husema “rudishia nati”, yaani iweke mahali ilipotoka, si lazima uikaze. Kisha ndipo inapokazwa. Kwa hiyo ile sentensi ya miongozo isemayo kwamba kazi ya pili ni kinyume cha ya kwanza twaweza kuiandika hivi: “Rudishia sehemu zote kwa kuanzia ile iliyofunguliwa mwisho.” Mtu yeyote ataielewa.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni maneno ya gereji, na kwamba usanifu una heshima yake. Tunawajibu kwamba “parafujo” ilitoka kwa Wareno ikapitia mikononi mwa mafundi kabla ya kuingia kamusini. Tena, anayeipuuza gereji hupotea hata katika maneno ya kukopa. Kiingereza kina neno la sauti ya kugongagonga ndani ya injini, sauti ambayo mara nyingi ni onyo tu. Mafundi wetu walilichukua, wakasema “kunoki”. Lakini kwao injini iliyonoki imekwisha kufa. Mfasiri aliyeandika “injini ikinoki, punguza mwendo” amemshauri msomaji apunguze mwendo wa chombo kisichokwenda. Hapo angeandika “ikigonga”.

Lawama nyingine ni yetu sisi wenyewe. Orodha za Tafsiri Sanifu zilizotolewa na Baraza la Kiswahili la Taifa tangu miaka ya 1970, kama zilivyo orodha za istilahi popote duniani, zimejaa majina. Sababu yaeleweka: jina ni rahisi kulipanga katika safu mbili na kulipigia kura mezani. Kitenzi hudai sentensi, na sentensi hudai mtu aliyekwisha kushika spana. Kwa orodha ya vipuri vya pikipiki iliyoko mbele yetu, tunapendekeza kwamba kila jina liandikwe pamoja na vitenzi vyake: nati hulegezwa, hufunguliwa, hurudishiwa, hukazwa, na kwamba rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mtu mwenye injini iliyo wazi kabla ya kupelekwa kamatini. Bado hatujapata neno fupi la kukaza kwa kipimo maalumu, kama inavyoandikwa katika miongozo kwa nyutonimita. “Kaza kwa kipimo” lafaa kwa sasa, na mwenye neno bora zaidi, hasa akiwa fundi, na atuandikie.