Kupiga kambi kwenye chimbuko la Mto Msimbazi

Mkazi wa Kariakoo anayetaka kulala msituni kando ya kijito hana haja ya kufika Morogoro. Vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, viko kama kilomita 30 tu kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam. Huko ndiko Mto Msimbazi unakoanzia kabla haujapita Jangwani na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ina njia za kutembea kwa miguu, Bwawa la Minaki jirani, na mapango ya kaolini ambamo popo humiminika nje jioni.

Kundi moja la vijana 12, wengi wao wauza vitenge na simu, lilijipanga kulala huko usiku mmoja, na namna lilivyofanya inafaa kuchambuliwa.

Vifaa walinunua Mtaa wa Msimbazi. Muuzaji aliapa kuwa hema haliingizi maji. Kijana mmoja akaomba lifunguliwe palepale, akamwaga maji ya chupa juu ya mshono wa paa na kupitisha kiganja kwa ndani. Kikatoka kimelowa. Bei ikashuka, na fedha iliyobaki ikanunua turubai la kutanda juu na kamba za manila. Walifanya vyema: kitambaa cha hema la bei nafuu huhimili manyunyu, ila matundu ya sindano hayahimili.

Kasheshe lilikuwa mahali pa kusimamisha mahema. Wengi walitaka mchanga wa kando ya kijito, kwa kuwa ni tambarare, ni laini na maji yako karibu. Hapo ndipo kambi nyingi huharibika. Mvua ikinyesha juu ya vilima, maji hukusanyika kwenye mikondo na kushuka kwa kasi hata kama mlipo ninyi hakujadondoka tone. Aliyewaokoa ni dada mmoja aliyekulia Jangwani. Hakutazama mchanga, alitazama vichaka: majani makavu na matambara yalikuwa yamenasa matawini usawa wa kifua. Maji yalishafika hapo. Mahema yakapandishwa juu ya alama hiyo, na kijiti kikachomekwa ukingoni ili waone kama maji yanapanda. Kwa mtu aliyeyaona mafuriko ya Desemba 2011, yaliyozipeleka familia za bondeni kuishi kwenye mahema Mabwepande, hilo si somo geni.

Chakula kilipikwa kwa mtungi wa gesi wa kilo 6, hivyo hakuna kuni zilizokatwa. Madumu matatu ya lita 20 yaliwatosha kunywa na kupikia.

Choo ndicho kilichowashinda. Shimo lilichimbwa hatua chache kutoka kijitoni, tena upande wa juu, ilhali lingepaswa kuwa mita 60 hivi kutoka majini. Huko chini bondeni kuna watu wanaomwagilia mchicha kwa maji ya mto huohuo, na mchicha huo huliwa mjini.

Mnaojiandaa, ombeni kibali TFS kwanza na mwende kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Msipopata mahali pa juu pa kulala, tembeeni mchana, mrudi Gongo la Mboto jioni kupanda daladala.