Maji Yakichafuka, Humwagwa

Katika maabara moja mjini Riyadh nilimtazama mama mmoja, fundi wa miaka mingi, akiinua chupa ya plastiki kwenye mwanga na kuizungusha taratibu. Alikuwa akitafuta mikwaruzo. Chupa iliyokwaruzwa haitumii, na ya kioo haigusi, maana apataiti, madini yanayofanana na ya mfupa, hupenda kuanza kujijenga penye mkwaruzo, na hapo jaribio limeshadanganya kabla saruji ya mifupa haijazamishwa.

Maji aliyokuwa akiyatengeneza ni yale ya Tadashi Kokubo wa Kyoto, ya mwaka 1990, ambayo chumvi zake hukaribia kulingana na za plazma ya damu ya binadamu. Kila chumvi ina zamu yake, na inayofuata haitiwi mpaka iliyotangulia iyeyuke yote. Kalsiamu husubiri asidi itangulie, kwa kuwa ikikutana na fosfati kwa pupa maji hufanya ukungu. Nyuzijoto 36.5, pH 7.40, na hapo mwishoni mkono huenda tone kwa tone. Maji yakichafuka hata kidogo, humwagwa yote. Siku ile yalichafuka. Mama yule aliyamwaga bila kuguna, akaosha chupa, akaanza upya. Nimeona heshima nyingi za watu kwa watu. Hii ya kumheshimu mgonjwa ambaye hutamwona maishani ni ya peke yake.

Saruji ya akriliki, ambayo John Charnley aliieneza kutoka Uingereza tangu miaka ya 1960, hushika nyonga bandia imara lakini haiungani na mfupa. Ndiyo sababu huchanganywa na vioo hai, yaani vioo vinavyoweza kuungana na mfupa, au fosfati za kalsiamu, ikazamishwa kwenye maji hayo ya Kokubo, kisha hadubini ikaulizwa kama ngozi ya apataiti imeota. Baadaye huja seli, mara nyingi za fuvu la panya, na rangi ya njano inayogeuka zambarau palipo na uhai.

Hata hewa ina neno lake. Kanuni hutaka saruji ya akriliki ichanganywe kwenye nyuzi 23, unyevu usipungue asilimia 40. Hewa ya Riyadh wakati wa kiangazi ni kavu mno, na Jeddah bahari hulowesha kila kitu. Fundi wa kweli husoma kipimo cha unyevu kabla ya kufungua unga.

Mwaka 2009 Marc Bohner na Jacques Lemaitre walihoji kama maji haya yanaweza kweli kutabiri saruji itakavyoungana na mfupa. Swali lile lilistahili kutuongezea uangalifu. Badala yake nasoma ripoti zinazosema sampuli zilizamishwa, apataiti ikaonekana, basi. Maji yalitengenezwaje, na nani, hakuna neno. Vijana huja na tarehe ya kuchapisha makala mfukoni, wakachukua grafu yao wakaenda.

Mama yule anakaribia kustaafu. Nafasi yake imeshatangazwa: anatakiwa mtu ajuaye kuendesha mashine.